Februari ya Ukutani

Kalenda ya ushirika wa chai, ya mwaka elfu mbili na nane,
imekaa juu ya jiko letu hapa Tukuyu
hadi moshi umeigeuza rangi ya ugoro.
Tarehe zake zilishakufa zote.
Niliibakiza kwa ajili ya picha: Kitulo, Februari,
maua hadi macho yanapochoka.
"Siku moja," nilisema, nakoroga uji.
Ulikuwa unafunga kamba za viatu. Hukuinua kichwa.
Nikajua hukusikia.

Miaka kumi na sita nimekesha wodi ya wazazi,
nimepokea watoto wa watu kwa taa, kwa tochi, kwa mwanga wa simu,
na likizo zangu zikaliwa:
moja na msiba wa mama,
moja na ng'ombe aliyegoma kuzaa usiku wa Pasaka,
nyingine sijui hata zilipita njia gani.

Jumatatu ile natoka zamu, nakuta begi mlangoni.
Nikadhani umenichoka, unaondoka.
(Cheka tu. Moyo ulinidondokea kwenye kandambili.)
Ukanipa daftari la hesabu la Lusekelo, ukurasa wa nyuma,
mwandiko wako umelala upande kama mahindi baada ya upepo:

*Gari la Asajile, siku nne. Petroli juu yetu.*
*Zamu: Sista Tupokigwe atashika. Amekubali tangu Novemba.*
*Ng'ombe: shangazi. Asisahau pumba.*
*Soksi nzito jozi nne. Miguu yake hupata baridi.*

Miguu yake.
Uliniandika kama mtu wa mbali,
mtu unayemwaza akiwa hayupo.

Nami, badala ya asante, nikauliza habari za bati.
Hela ya bati je, Baba Lusekelo? Jiko linavuja.
Ukakuna kidevu.
"Bati limesubiri miaka miwili,
wewe umesubiri kumi na sita.
Tufuate foleni."

Basi tukapanda. Isyonje tukaacha lami,
Kikondo tukanunua viazi vya kuchemsha, vina moto, vina udongo,
ukanimenyea huku unaendesha kwa kiwiko
nami nikakufokea shimo baada ya shimo.
Na juu kabisa, kwenye bustani niliyoiota,
ukungu.
Ukungu mweupe, mzito, kama mtu ametundika shuka za hospitali
kutoka Makete hadi mbinguni.
Sikuona ua. Sikuona hata boneti.

Nilikutazama nikaona aibu inakupanda,
mwanamume aliyehesabu kila kitu ila hewa.
Kisha ukaingiza mkono kwenye koti,
ukatoa karatasi iliyokunjwa mara nne,
ukainyoosha mbele ya kioo, mbele ya ule weupe wote:
Februari yetu, na alama ya mafuta ya taa pembeni.
"Tazama," ukasema. "Ni hapa hapa."

Nilicheka hadi nikalia,
na sijui nilipovuka kutoka hiki kwenda kile.

Kesho yake ukungu uliondoka, ndiyo.
Okidi, na ya manjano nisiyoyajua majina,
na tandawala mmoja akitembea kama mkaguzi wa shule.
Yalikuwa mazuri. Nitawasimulia wengine hayo.
Wewe nakusimulia gari limesimama,
vioo vimepata jasho,
soksi mbili mbili miguuni,
na karatasi ikitetemeka kidogo mkononi mwako.

Kwetu tunasema ndaga, neno fupi,
linatosha kwa mtu aliyekupisha njiani.
Kwako nalitafutia mwenzake sipati.

Picha nimeirudisha kwenye msumari wake, na mikunjo yake.
Mvua imeanza. Bati ni lile lile.
Nasogeza sufuria chini ya tone,
nakoroga uji,
wewe unafunga kamba za viatu.
Leo nasema polepole, kwa makusudi,
"Siku moja, Matema, tukae mchangani,"
nami nalitazama sikio lako.